Uji wa Mshika Kamba

Hadithi hii si ndefu. Ukimaliza kuisoma, mpelekee yule ndugu yako ambaye kila siku hula wa mwisho.

Katika kijiji cha Mwitikilo, kwenye nchi kavu ya Ugogo, mvua ilikosekana miaka miwili mfululizo. Mtama ulikauka ukiwa kimo cha goti. Wanawake walifuata maji mwendo wa maili saba, na maji yenyewe yalikuwa tope. Wanakijiji wakaamua kuchimba kisima.

Wachimbaji walikuwa watatu. Fundi Chibago, mzee aliyekwisha kuchimba visima kumi na kimoja, ndiye aliyepima na kuelekeza. Yona Masagasi alishuka chini na sururu. Ndahani Chilewa, mwenye mabega mapana kuliko wote, alisimama juu akishika kamba. Alipandisha ndoo ya udongo na mawe, akaimwaga, akaishusha tena, na jioni akampandisha Yona mwenyewe.

Kwa kuwa ilikuwa njaa, kila nyumba ilitoa konzi moja ya unga wa uwele kwa ajili ya wachimbaji. Unga huo ulipikwa uji, na Fundi Chibago aliugawa kwa mkono wake. Aliyepewa kwanza alikuwa mshika kamba, na kibuyu chake ndicho kilichokuwa kikubwa.

"Mimi ndiye ninayepiga mwamba, na yeye ndiye anayeshiba!" Yona alilalamika siku ya kwanza, huku akicheka.

"Wewe ukiishiwa nguvu utakaa chini upumzike," Fundi alimjibu. "Yeye akiishiwa nguvu, wewe tutakuzika. Kwa hiyo nyamaza, mwache ale."

Ndahani alikuwa mtu mwema. Mwezi wa Machi alikuwa amemzika binti yake, Mbeleje, wa miaka minne, aliyekufa kwa njaa. Tangu siku ile hakuweza kutia kitu kinywani mbele ya mtoto asiyekula.

Nyumba ya Yona ilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Kila asubuhi, Ndahani alipokwenda na kibuyu chake nyuma ya kifusi ili anywe kwa utulivu, aliwakuta wana wawili wa Yona wamesimama. Hawakuomba. Walikitazama kibuyu tu.

Siku ya nne aliwapa nusu. Siku ya saba aliwapa uji wote, akanywa maji, akajipangusa midomo kama mtu aliyeshiba, akarudi kazini.

"Umekula?" Fundi aliuliza, kama alivyouliza kila asubuhi.

"Nimeshiba mpaka puani."

Ikawa desturi yake. Jioni alijichemshia majani ya porini kidogo, basi. Alijiambia kwamba mtu mzima havunjiki kwa kukosa uji, na alipowaona wale watoto wakilamba vidole, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mikono ilipoanza kutetemeka, aliikaza kwenye kamba ili isionekane. Masikio yalipoanza kuvuma, hakumwambia mtu.

Siku ya kumi na tano, sauti ya Yona ilitoka chini. "We Ndahani! Mbona leo ndoo inapanda kama bibi harusi? Inaona haya?"

"Mawe yako mazito!"

"Mawe ni yale yale, ndugu yangu. Labda umezeeka tangu jana."

Fundi Chibago hakucheka. Alimtazama Ndahani usoni. "Kama unaumwa, sema. Tutapumzika siku mbili."

"Watu wana kiu, Fundi. Siku mbili ni nyingi. Mimi ni mzima."

Siku ya kumi na tisa, kwenye futi arobaini na mbili, Yona alipiga kelele kutoka chini. "Udongo una ubaridi! Fundi, udongo umelowa!"

Watu walikuja mbio. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakati huo Ndahani alikuwa akipandisha ndoo iliyojaa mawe, na ilikuwa imebaki mikono miwili tu ifike juu. Ghafla jua likawa jeusi. Alisikia kamba ikimchoma viganja, kisha hakusikia kitu.

Alipozinduka alikuwa amelala juu ya kifusi, viganja vimechunika, na vigelegele vimegeuka kilio. Walikuwa wamekwisha kumtoa Yona. Ile ndoo ya mawe ilimwangukia kichwani, naye alikuwa amekufa.

Fundi Chibago alichuchumaa karibu naye. "Ulikula?"

Ndahani akatikisa kichwa.

"Siku ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Uji ulimpa nani?"

"Wanawe Yona."

"Ule uji haukuwa wako kuugawa," mzee alisema. "Ulikuwa wa kamba." Akainuka, akaondoka.

Wakamzika Yona. Kisima kikaachwa. Zilibaki futi chache kuyafikia maji, lakini hakuna mwanamume aliyethubutu kushuka. Wanawake wakarudi kwenye zile maili saba. Ndahani alijifungia nyumbani kwake na hakula kitu chochote. Aliona hiyo ndiyo haki yake.

Siku ya nne baada ya mazishi mlango ulisukumwa. Alikuwa Sechelela, mjane wa Yona, na wanawe wawili nyuma yake. Ndahani alijua amekuja kumlaani, na kwa kweli alitamani alaaniwe.

Sechelela aliweka bakuli la uji mbele yake. "Kunywa."

"Shemeji, wape watoto. Mimi sistahili."

"Sikuja kukuuliza unastahili nini. Kaka yangu Elia alifika jana. Jumatatu anashuka kumalizia kisima. Nimemwambia Fundi kwamba kamba utaishika wewe."

Ndahani alidhani njaa imemharibia masikio. "Mimi? Mimi niliyemuua Yona?"

"Nani mwingine hapa kijijini anaijua ile ndoo ilivyo nzito?" Alikaa chini, kama mtu aliyechoka mwili mzima. "Tena usijidai ulikuwa peke yako. Kila asubuhi niliiona midomo ya hawa ina uji. Nilijua ule unga ni wa nani. Nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wameacha kulia."

Mtoto mdogo alinyoosha mkono. Ndahani, kwa mazoea, akaanza kumwinamishia bakuli. Sechelela alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Hapana. Huyu atalia, nami nitamchemshia majani. Wewe kunywa. Na kesho nitaleta tena, na keshokutwa. Ukimpa huyu, Jumatatu nitamzika kaka yangu."

Ndahani akanywa. Mtoto alilia tangu funda la kwanza hadi la mwisho. Katika maisha yake yote Ndahani hakuwahi kumeza kitu kigumu kama uji ule, na Sechelela hakuinuka mpaka bakuli lilipokuwa tupu.

Maji yalitoka Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Watu walicheza, wakajimwagia tope, wakaimba jina la Yona na jina la Elia. Wakamwita Ndahani naye aje acheze. Hakugeuka. Alikuwa bado ameishika kamba, kwa maana Elia alikuwa bado chini.

Funzo: Kuutunza mwili wako si uchoyo pale ambapo uhai wa wengine unategemea nguvu zako; ukijinyima mpaka ukaanguka, utawaangukia wale wale uliotaka kuwasaidia.