Ufito na Gunzi

"Ufito hujua tundu lake."

Bibi Subilaga alisema hivyo bila kuinua macho kwenye gunia alilokuwa akilishona mdomo, na vijana wa uwanja wa mboji wakaacha kupakia. Maneno yalimlenga Lugano, ambaye alikuwa ametoka kujisifu kwamba humpigia mama yake simu kila Jumapili, humuuliza kama hajambo, na mama hujibu hajambo.

"Sasa ufito na mama yangu wapi na wapi, bibi?"

"Kaa chini. Anayeuliza hukaa," bibi akasema, akakata uzi kwa meno. Methali ile ilizaliwa pale pale uwanjani, na chanzo chake alikisimulia hivi.

Aliyeuanzisha uwanja ule aliitwa Tupokigwe. Alianza na biwi moja nyuma ya zizi, la samadi, maganda ya kahawa na migomba iliyokatwakatwa, na watu wakamcheka kwamba anafuga takataka. Akaendelea kulundika. Baada ya miaka michache wale wale waliomcheka walikuja na magunia kupanga foleni, maana mboji yake ilikuwa nyeusi, nyepesi, inanukia udongo wa msituni mvua inapokatika. Biwi moja likawa manane, marefu kama nyumba, na wafanyakazi wakawa kumi na wawili.

Kazi moja hakumwachia mtu: kupima. Kila biwi lilichomekwa ufito mrefu wa mkaratusi, ukazama hadi tumboni. Asubuhi Tupokigwe aliuchomoa na kuufumbata kiganjani. Ukitoka wa moto, biwi bado linaiva. Ukitoka wa baridi, unanukia udongo, limeiva na lijazwe magunia. Fito zile zilishikwa mpaka zikang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Naye alikuwa na neno lake kwa wateja: "Kwangu mimi, gunia la kwanza na la mwisho ni mapacha." Aliliamini neno hilo, na kusema kweli alilipenda kupita kiasi.

Siku moja akaja Ambilikile, mzee mpole mwenye kitalu cha miche ya parachichi. Alibeba viriba viwili, vile vifuko vya kuoteshea miche. Katika kimoja mche umesimama, majani yanameta. Katika kingine mche umeungua kuanzia ncha za majani hadi shinani.

"Ndaga, mama," akaamkia, akaviweka chini mbele yake. "Nimekuletea mapacha wako."

Tupokigwe alihisi uso ukimwaka. "Labda ni maji, mzee wangu. Au jua."

"Kitalu kimoja, kisima kimoja, kivuli kimoja. Katika magunia kumi niliyochukua kwako, sita yamenilelea miche, manne yameniunguzia. Miche mia tisa, mama. Walioniagiza nitawatazama kwa macho gani?"

"Lakini yote niliyapima mwenyewe!"

"Sikatai. Nipimie nami nione."

Tupokigwe akampeleka kwenye biwi lililopita kipimo juzi. Wajazaji walikuwa wamechota huku na huku, na magunia themanini yalikwisha shonwa, yakingoja lori la kesho yake kuyapeleka kwa wenye vitalu wengine. Tupokigwe akachomoa ufito. Ulikuwa wa baridi, unanukia msitu. Akamkabidhi mzee, na moyoni akaona ameshinda. Ambilikile akaunusa, akakubali kwa kichwa, kisha akanyoosha mkono upande wa nyuma wa biwi, kwenye tope.

"Na kule?"

Tupokigwe akauchukua ufito, akaenda. Akauchomeka, wakasubiri muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Alipouchomoa ulimchoma kiganja, na harufu kali ya mkojo wa ng'ombe ikawatoa machozi wote wawili.

Akamwita Mwakalinga, msimamizi wa wageuzaji, mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kujinusuru. "Hili biwi mnaligeuza lote?"

Mwakalinga akatazama miguu yake. "Tunaligeuza, mama. Huku njiani tunageuza mpaka chini, maana ndiko unakopima. Kule nyuma kuna tope, tunageuza juujuu. Hatukukaa kikao tukapanga hivyo. Ufito hujua tundu lake, mama. Kule haujawahi kufika."

Mabeleshi yalisimama uwanja mzima. Kila mtu alingoja Mwakalinga afukuzwe. Tupokigwe alikuwa na hasira kweli, na hasira ile ilitafuta mtu wa kumwangukia, ikazunguka, ikamrudia mwenyewe. Nani alilichagua tundu lile? Ni yeye, mwaka ule wa kwanza, kwa sababu lilikuwa karibu na njia na halikumchafua viatu. Miaka yote alikagua tundu akidhani anakagua biwi. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko kiganja.

Akaliendea gunia la kwanza, akakata uzi, akalimwaga. "Yote," akasema.

Lori lilikuja, likarudi tupu. Wateja wengine walivumilia wiki sita mpaka mboji ikaiva upya. Wengine waliondoka moja kwa moja. Ambilikile alipewa mboji nyingine, lakini msimu wake ulikwisha pita, na msimu haushonwi kwenye gunia.

Tangu hapo kupima kukawa hivi. Mtu ambaye hakushiriki kugeuza aliligeuzia biwi mgongo, akarusha gunzi la mahindi juu ya bega, mara tano. Lilipoangukia ndipo ufito ulipoingia, hata kama ni kwenye tope la magotini. Joto likionekana popote, biwi zima lilirudiwa. Wageuzaji, kwa kuwa hawakujua gunzi litaangukia wapi, wakageuza kote. Mwaka uliofuata Ambilikile alirudi, na kabla ya kugusa gunia akasema, "Nipe gunzi kwanza." Tupokigwe akampa huku akicheka. Lile neno la mapacha hakulitamka tena.

Bibi Subilaga akafunga fundo. Vijana wote wakamgeukia Lugano.

"Lakini mama mwenyewe husema hajambo," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Atasema nini tena? Hapo ndipo unapochomeka kila Jumapili. Pamegeuzwa vizuri hapo."

Siku ile ilikuwa Jumatano. Lugano akaenda nyuma ya magunia na simu yake. Walimsikia akisalimia, kisha akauliza, "Mama, lile goti lako. Ukipanda na ndoo kutoka mtoni, linakuwaje?"

Akasikiliza. Akasikiliza muda mrefu, mpaka akakaa chini juu ya gunia.

"Ufito hujua tundu lake," bibi akasema polepole, akavuta gunia jingine.