Udongo wa Kwanza wa Bibi Tusekile

Hapo zamani, wala sisemi zamani ya mababu, nasema zamani ile ambayo wapo wanaoikumbuka na wanajifanya wameisahau, palikuwa na usharika mmoja kule milimani kwenye mvua nyingi. Mimi nimetokea huko. Kwa hiyo anayetaka kuniambia haikuwa hivyo, asubiri nimalize.

Usharika ule ulikuwa na mitaa tisa na mchungaji mmoja. Haya, gawanyeni wenyewe. Mchungaji Mwakibinga alikuwa na pikipiki moja na magoti mawili mabovu. Akizika mtaa wa kwanza, mtaa wa sita wanamngojea na maiti ndani. Mara moja aliitwa kwa mgonjwa, akafika akakuta watu wanaanua matanga. Yule mgonjwa alikuwa amekufa peke yake, hata wa kumsomea Zaburi hakuwepo.

Mchungaji alilia siku ile, mbele ya watu. Akasema, "Haitatokea tena. Nitawafundisha walei. Kila mgonjwa wa usharika huu atakuwa na mtu wake." Na hapo, jamani, hakukosea hata kidogo.

Sasa shikeni jambo moja, maana mtalihitaji mbele. Usharika ule ulikuwa na desturi yake. Jeneza likishateremshwa, udongo wa kwanza hautiwi na mchungaji, wala na mtoto wa marehemu. Unatiwa na yule aliyemuuguza. Anachukua konzi moja, anasema kwa sauti, "Nilikuhudumia mpaka mwisho." Watu wanajibu, "Tulikuona." Ndipo majembe yanaanza. Bila maneno hayo kaburi halifukiwi. Na kusema uongo juu ya kaburi, hilo hata walevi wa kule hawathubutu.

Mmeshika? Haya.

Katika mtaa wa nane alikaa Bibi Tusekile. Upande wake wa kushoto ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Bupe, naye alifanya kazi mjini, mbali. Aliyemuuguza bibi huyu kwa miaka minne ni jirani yake, Mama Subilaga, mjane asiyejua kusoma. Asubuhi anavuka migomba, anawasha moto, anamgeuza. Jioni anavuka migomba, anachochea moto, anamgeuza. Mtu aliyepooza usipomgeuza anaoza akiwa hai, na pumzi inamkaba. Mama Subilaga hakufundishwa hilo na mtu, aliliona kwa macho. Mlango aliufunga kwa kufuli, maana mbwa wa kule hawana adabu, na ufunguo aliuweka chini ya jiwe penye kizingiti. Mtaa mzima ulilijua jiwe hilo.

Mafunzo yakatangazwa. Miezi mitatu, kila Alhamisi, na mwisho semina ya siku tatu kanisani kwa kulala huko huko, kisha mtihani. Atakayefaulu atavishwa kitambaa cha zambarau mbele ya madhabahu. Atakayekosa siku hata moja ya semina, atarudia mwakani. Mama Subilaga naye alikwenda siku ya kwanza, akakaa nyuma. Mchungaji akamfuata, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, haya mafunzo yana kuandika. Umehudumu vya kutosha. Sasa pumzika, wapo watakaosomea."

Upole nao unaweza kumchoma mtu. Mama Subilaga alijifunga kanga yake vizuri, akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Bibi Tusekile akapewa Ambakisye, fundi cherehani. Huyu Ambakisye alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa darasa, na msidhani alikuwa mtu mbaya. Alimpenda yule bibi. Alimshonea foronya, akamsomea Injili ya Marko yote, na kumgeuza alimgeuza, asubuhi na jioni, wiki tano hakukosa. Lakini darasani walikuwa wamefundishwa usalama wa mgonjwa, kwamba ufunguo usiachwe ovyo. Basi akautoa chini ya jiwe, akautia mfukoni. Na Mama Subilaga alipokuja na uji wake kama kawaida, alimwambia maneno ya darasani, "Mama, tumeelekezwa mgonjwa wa mtu asiingiliwe na mwingine, huduma zitagongana."

"Sawa, baba," akasema Mama Subilaga. Akageuka na uji wake, akaondoka nao.

Semina ikafika. Ambakisye akamwendea mchungaji. "Mchungaji, mgonjwa wangu nimwachie nani?"

"Jirani yake si yupo?"

"Yupo."

"Basi mwombe. Ni siku tatu."

Ambakisye akatoka na nia ya kwenda kuomba. Akafika mpaka kwenye migomba ya Mama Subilaga. Akamwona amepiga magoti anapalilia. Akakumbuka ule uji. Aibu ikamshika miguu, mwenzenu, akapita. Akajiambia, siku mbili tu, ya tatu jioni nitarudi. Alimgeuza Bibi Tusekile kwa uangalifu, akampangia viazi na maji upande wa mkono mzima, akachochea moto, akaomba, akafunga mlango. Ufunguo akaenda nao.

Siku ya kwanza jioni Mama Subilaga hakuona moshi kwa jirani. Akasema, kazi ina wenyewe. Siku ya pili hakuona moshi. Akasema, kazi ina wenyewe, lakini chakula hakikupita kooni. Siku ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, na mpaka karibu saa sita mchana moshi hakuna. Akavuka migomba.

Kufuli lilikuwa mlangoni. Akainua jiwe, chini yake hamna kitu. Akazunguka mpaka dirishani penye nondo.

"Bibi."

"Subilaga? Ni wewe?" Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni mimi."

"Moto umezimika. Nina baridi. Nigeuze, mwanangu, nimelalia upande mmoja tangu juzi."

Mama Subilaga alisukuma mlango, ulikuwa wa mbao nene. Angeweza kuchukua shoka nyumbani kwake. Alilifikiria shoka. Akaona atakavyoitwa mvunja nyumba na mvuruga huduma, akaliacha. "Nisubiri, bibi, nakwenda kuleta ufunguo."

"Usikawie," akasema bibi.

Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupanda. Alifika kanisani saa nane mchana, mtihani umeanza. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni akiwasimamia. Alipomwona, aliinua kiganja, akanong'ona, "Mama, kuna mtihani. Saa kumi tunamaliza." Akamwonyesha benchi la nje.

Mama Subilaga akakaa kwenye benchi.

Mbona mnaguna? Ninyi mngepiga kelele, eti? Mnasema hivyo kwa sababu mmekaa hapa mmeshiba.

Ambakisye aliinua kichwa. Dirishani alimwona Mama Subilaga amekaa, matope mpaka magotini, mikono mapajani. Alijua. Hapakuwa na sababu nyingine duniani ya mwanamke yule kuja pale siku ile. Yalikuwa yamebaki maswali mawili. Akainamisha kichwa, akaandika.

Saa kumi walitoka. Mama Subilaga akasema neno moja tu, "Ufunguo." Mchungaji aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki, matope yale, mvua ile, wakaanguka mara mbili. Ambakisye alifungua mlango. Bibi Tusekile alikuwa amelalia upande ule ule. Mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda, kama mtu aliyekuwa anajaribu kujigeuza mwenyewe. Alikuwa bado hajawa baridi sana.

Matokeo ya mtihani yalitoka. Ambakisye aliongoza. Kitambaa alikikataa.

Siku ya maziko Bupe alifika kutoka mjini. Mvua haikukatika. Jeneza likateremshwa, maji yakaanza kukusanyika chini. Watu wakasimama na majembe.

Mzee mmoja akasema, "Mama Subilaga, chukua udongo."

Mama Subilaga hakusogea. "Miaka minne nilimgeuza, asubuhi na jioni. Hilo ni kweli na sioni haya kulisema. Lakini maneno ni 'mpaka mwisho'. Mwisho wake ulinikuta nimekaa kwenye benchi. Ningeweza kusema nikasikika. Sikunyamaza kwa woga tu, jamani. Nilikuwa na uchungu. Siku mbili nilitazama paa lisilo na moshi, nikataka wenye kazi waaibike wenyewe. Nitasemaje nilimhudumia?"

Wakamgeukia Ambakisye.

"Mimi ndiye niliyekuwa mtu wake," akasema. "Tonge lake la mwisho niliweka mimi, na maneno ya mwisho ya Mungu aliyoyasikia niliyasoma mimi. Hakuna aliyepewa kazi hii isipokuwa mimi, na kama si mimi basi hakuna mtu. Lakini niliona aibu kumwomba jirani, na nilimwona dirishani nikaandika. Ufunguo ulikuwa mfukoni, ulikuwa unanigusa pajani nikiandika."

Wakamgeukia mchungaji. Alivua kofia, mvua ikampiga.

"Tangu tuanze mafunzo haya," akasema, "wagonjwa kumi na saba katika mitaa tisa wana mtu wa kuwageuza. Kabla ya hapo walikuwa hawana. Siwezi kusema ni vibaya. Kama ningetia mimi udongo, ningetia kwa ajili ya wote niliowatuma. Lakini sheria ya funguo ni yangu. Sheria ya kutoingiliana ni yangu. Nami nilimfukuza darasani mwalimu, nikabaki na wanafunzi. Na huyu mama hapa chini, mimi kwa mkono wangu sikumgeuza hata siku moja."

Mtu mmoja akasema basi desturi ivunjwe, atie Bupe. Bupe akatikisa kichwa. "Mimi mara ya mwisho nilimwona mwaka juzi. Msinitwishe uongo."

Kisha akainama, akachota udongo. Ulikuwa tope. Akasimama nao kiganjani, akawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine, tope likimvujia katikati ya vidole. Alitaka kumpa mmoja wao, na hakujua ni nani.

"Nimeambiwa mama alisema ana baridi," Bupe akasema. "Sasa analowa. Semeni haraka."

Mimi nilikuwepo, nimeshika jembe, na sikusema kitu. Ndiyo maana nawauliza ninyi. Miaka minne na benchi moja, wiki tano na maswali mawili, wagonjwa kumi na saba na kiganja kimoja kilichoinuliwa. Bupe bado amenyoosha mkono.

Je, nani alistahili kupokea udongo ule?