Ukuta Mweusi wa Shehe Mahadhi

Zamani, ukuta wa magharibi wa kaburi la Shehe Mahadhi ulikuwa mweupe kuupita ukuta mwingine wowote katika mji wa Shungwi. Msafiri aliyetoka bara aliuona tangu angali juu ya kilima cha Ngulwe, ukimeremeta kati ya mashamba ya mtama, na wengi waliukaribia mji wakiwa wamekwisha kulia. Ninyi wageni mmeukuta mweusi kama sufuria ya jikoni, mmeweka viganja vyenu juu yake kama mlivyoelekezwa, na mmeambiwa sababu. Sababu mliyoambiwa si ya kweli. Ya kweli ni hii.

Shehe Mahadhi alifariki tarehe 12 Rajabu mwaka 1102 wa Hijria, yaani Aprili 1691 kwa hesabu ya Miladia. Koo nne zikamjengea kaburi lenye kuba, kila ukoo ukuta mmoja. Nyumba Kuu, waliokuwa watawala, walijenga wa kaskazini, upande wa kibla. Watu wa Bandarini walijenga wa mashariki, na ukoo wa waalimu ukajenga wa kusini. Wa magharibi walijenga Wamwamba, ambao kazi yao ilikuwa kuvunja mawe ya pwani na kuyachoma yawe chokaa. Zikapatana mambo mawili. Kwanza, kila mwaka, siku ya kuamkia ziara ya tarehe aliyofariki Shehe, kila ukuta upakwe chokaa upya kwa mkono wa ukoo wake, na kazi iwe imekwisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Pili, ardhi iliyo chini ya kila ukuta iwe ya kuwazikia wafu wa ukoo huo, karibu na Shehe. Ukoo utakaoshindwa kupaka utakuwa umeuacha ukuta kwa atakayeupaka, na ardhi itaufuata ukuta.

Mapatano hayo yalitimizwa kwa miaka mingi bila ugomvi. Kisha, mwaka 1151, yaani 1738, ndui iliingia Shungwi na kuwapiga Wamwamba kuliko wote, kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimebanana karibu na matanuri. Waliosalia wakahamia kwa jamaa zao bara, ng'ambo ya Ngulwe. Hata hivyo hawakuuacha ukuta. Kila Rajabu walikuja kwa miguu pamoja na mahujaji wengine, chokaa yao vichwani, wakapaka, wakawazuru wazee wao, wakarudi. Walizidi kupungua mwaka hadi mwaka, na ardhi yao chini ya ukuta ikabaki na nafasi tele, ilhali koo tatu nyingine zilikuwa zimeanza kuzika mfupa juu ya mfupa. Ndipo macho ya Nyumba Kuu yalipoanza kutazama magharibi.

Mwaka 1187, ambao ni 1773, Wamwamba walikuwa wamebaki wawili tu wenye nguvu za kusafiri: mjane mmoja aliyeitwa Kidawa na mwanawe wa pekee, Ngwali. Mwaka huo Ngwali aliondoka nyumbani akiwa na homa. Mama yake alimsihi abaki, naye akamjibu kwamba asipokwenda, baba yake atakuwa amelala katika ardhi ya watu. Wakaenda. Njiani homa ikampanda. Walipofika juu ya Ngulwe hakuweza tena kusimama, lakini kulikuwa kunapambazuka na ukuta ulionekana.

"Mama, tumefika," alisema.

"Bado, mwanangu. Huko ni mbali."

"Nimeshauona, basi nimefika. Usinizike njiani. Nilaze kwa baba."

Akakata roho hapo hapo. Mahujaji waliokuwa nyuma yao, watu wa nchi mbalimbali wasiomjua, walikata miti miwili, wakafunga shuka zao katikati, wakambeba. Kidawa alitangulia mbele na kibuyu cha chokaa kichwani. Ilikuwa tarehe 11 Rajabu, siku ya kupaka.

Walipoingia uwanja wa kaburi, kuta tatu zilikuwa zimekwisha kupakwa na watu walikuwa wamekaa kivulini wakinywa kahawa. Mkubwa wao alikuwa Jumbe Tangani, mkuu wa Nyumba Kuu, mtu wa heshima, mpole wa sauti, ambaye baba yake mzazi alikuwa kitandani akisubiri siku yake. Kando yake alikaa Maalimu Shaame, msimamizi wa kaburi na mkubwa wa ukoo wa waalimu. Nyuma yao alikuwako Chande wa Bandarini, ambaye mdomo wake haukupata kupumzika.

Kidawa aliamkia, akaamkiwa. Wabebaji wakaishusha machela mbele ya ukuta wa magharibi.

"Pole, bibi," alisema Jumbe. "Ni nani?"

"Ni Ngwali wangu. Ametutoka alfajiri. Nipeni burashi nipake, Jumbe, kisha mnisaidie kuchimba. Jua halinisubiri."

"Unapaka wewe?"

"Napaka mimi."

"Wewe na nani?" aliuliza Chande. "Na huyo aliyelala?"

Baadhi ya vijana walicheka, kisha wakatazama chini. Kidawa alimgeukia Chande taratibu.

"Huyo aliyelala ndiye aliyenileta. Wewe uliye mzima umeleta nini?"

Jumbe aliinua mkono kuwanyamazisha wote. Alisema kwamba msiba ni wa watu wote, na kwamba maiti ya Mwislamu haitakosa maji wala sanda katika mji wa Shungwi. Lakini ukuta, alisema, ni jambo jingine. Ukuta hupakwa kwa mkono wa mwanamume.

"Tangu lini?" aliuliza Kidawa.

"Ndiyo ada."

"Ada niliyofundishwa mimi ni mkono wa ukoo. Huu mkono wangu ni wa nani?"

"Ni wa mumeo, bibi, na mumeo hayupo."

"Mume wangu alikuwa mtoto wa ami yangu. Babu yetu mmoja, na yuko hapo chini, hatua chache kutoka ulipoweka kikombe chako. Jumbe, mwanamke anayeweza kumbeba Mmwamba tumboni miezi tisa hawezi kushika burashi ya makumbi?"

Kwa miaka yote themanini na kitu tangu mapatano, hakuna mdomo uliowahi kutamka neno mwanamume. Wanaume ndio waliokuwa wakipaka kwa sababu walikuwapo, na kutokana na kuwapo kwao watu wakadhani wamesikia sharti. Ndivyo mji wangu ulivyo tangu asili: tukiona jambo limefanywa kwa namna moja mara nyingi, tunaapa kwamba tuliamrishwa, hasa pale kiapo kinapotufaa.

Mtu mmoja tu aliyajua mapatano neno kwa neno, naye ni Maalimu Shaame. Aliyahifadhi utotoni kwa baba yake, aliyeyapokea kwa baba yake, na kila mwaka ndiye aliyeyasoma kwa moyo mbele ya hadhara. Kidawa alilijua hilo. Alimwendea, akapiga goti.

"Maalimu, mimi sikuomba cha mtu. Waambie walivyosema wazee. Neno moja tu, mwanangu alale kwa baba yake."

Maalimu alimtazama mama. Akamtazama Jumbe, ambaye alikuwa ameahidi kuezeka upya paa la chuo cha waalimu mwaka huo. Kisha akaliangalia jua.

"Adhuhuri imekaribia," alisema.

Hayo ndiyo maneno yote aliyoyasema. Hakusema uongo, na hadi leo wako watu wa ukoo wake wanaojivunia kwamba babu yao hakusema uongo. Vijana wa Nyumba Kuu walichukua chokaa iliyobaki kwenye ukuta wa kaskazini wakaupaka ukuta wa magharibi mbele ya macho ya mjane na ya maiti, nao walikuwa wepesi, kwa maana wengi walitaka yaishe. Adhana iliposikika, ukuta ulikuwa umekwisha.

Kidawa alijaribu mara ya mwisho. Alisema ukuta wauchukue, yeye hautaki tena, ila wamwachie kipande cha ardhi cha urefu wa mtu mmoja.

"Ardhi inafuata ukuta," alisema Jumbe kwa upole. "Si mimi niliyepanga, bibi."

Basi walimwosha Ngwali. Walimvika sanda mpya, wakamtia kafuri, wakamswalia safu kwa safu, na Jumbe mwenyewe akashika upande mmoja wa jeneza. Hawakupunguza chochote katika haki za maiti isipokuwa ile aliyoiomba. Walimzika nje ya uwanja, pembeni mwa njia, mahali wasafiri walipozoea kutua mizigo yao. Kila nikifikiri juu ya mambo ya siku ile, adabu yao ndiyo inayonikera kuliko kicheko cha Chande.

Baada ya kuzika, Kidawa alirudi uwanjani peke yake. Aliusogelea ukuta ambao chokaa yake ilikuwa bado mbichi, akaweka viganja vyake viwili juu yake, akainamisha kichwa. Watu walisimama mbali wakisikiliza. Walingoja laana. Laana waliijua: ina dua zake, ina sadaka zake, ina mbuzi wake wa kuchinja, na huondoka. Kidawa hakulaani. Aliviondoa viganja vyake, akachukua kibuyu chake kilichojaa chokaa isiyotumika, akashika njia ya Ngulwe. Shungwi haikumwona tena.

Asubuhi ya tarehe 12, siku ya ziara yenyewe, mji uliamka ukaukuta ukuta wa magharibi mweusi kuanzia msingi hadi ukingo wa kuba. Palipowekwa viganja ndipo palipokuwa peusi kuliko pote. Wakakimbilia chokaa, wakapaka tabaka moja, mbili, tatu. Ukuta uliinywa chokaa kama ardhi kavu inywavyo maji ukabaki ulivyokuwa. Wageni tayari walikuwa njiani, wenye punda na wenye miguu, na wale walioibeba machela walikuwa wamelala humo humo mjini.

Mgeni wa kwanza kuingia, mzee wa mji wa kusini, alishangaa, akauliza. Jumbe alimtazama Chande. Chande ndiye aliyejibu.

"Hapo ndipo Shehe alipoegemea usiku wa jana," alisema. "Amekuja kutuzuru mwenyewe. Tazama viganja vyake."

Mzee yule akalia. Akaweka viganja vyake palepale, akaomba haja yake, na waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo. Wabebaji wa machela walijaribu kueleza yaliyopita, wakaambiwa wasiivuruge ziara ya watu. Kabla ya jua kutua uongo ule ulikuwa umekwisha kuwa ada, na mwaka uliofuata wageni waliongezeka maradufu.

Ardhi waliyoipigania haikuwafaa. Baba yake Jumbe alipofariki mwezi huo huo walichimba chini ya ukuta, na majembe yakagonga mwamba chini kidogo tu ya nyasi, mahali ambapo Wamwamba walikuwa wamezika kwa vizazi vitatu katika udongo laini. Walijaribu tena mwaka 1194, yaani 1780, alipofariki Jumbe mwenyewe, wakakuta mwamba uleule. Wote wawili wamelala nyuma ya mashamba ya mtama. Lakini msidhani kwamba hiyo ni haki iliyotendeka. Mwamba uliwafungia Nyumba Kuu, ukamfungia pia Ngwali, kwa kuwa mwaka 1240, yaani 1825, watu wema wachache walitaka kuihamishia mifupa yake kwa baba yake, nao pia hawakupata pa kuchimba. Lililokataliwa saa moja kabla ya adhuhuri halikuwezekana tena baada yake.

Na tangu siku hiyo ukuta wa magharibi wa kaburi la Shehe Mahadhi haushiki chokaa, nasi hatuupaki tena. Tangu siku hiyo mahujaji huweka viganja juu ya weusi wake, na wanaokuja zaidi ni akina mama wenye wana walio safarini, kwa sababu imeenea kwamba aombaye hapo hurudishiwa mwanawe salama. Wenyeji wa Shungwi wenyewe hawaupiti upande ule. Huzungukia mashariki, na wakiulizwa husema kwamba ndivyo walivyowakuta wazee. Mwaka 1934 wa Miladia, barabara ilipopanuliwa, mawe mawili ya kaburi la Ngwali, la kichwani na la miguuni, yaling'olewa, na pale palipo juu yake pakasawazishwa na kutiwa sakafu.

Ndipo mlipovua viatu vyenu leo.