Leso Juu ya Kibodi

Hapo zamani za juzi, kompyuta zilipokuwa zimeshafika milimani Taita lakini umeme ukija na kuondoka kama mgeni asiyeaga, palikuwa na mwalimu aliyeitwa Mghoi. Sogeeni karibu, tena msinikatize, maana mambo haya nikiyakumbuka hata mimi huwa situlii.

Mwalimu Mghoi alipewa darasa la tano awafundishe kuchapa. Siku aliyotangaza, "Kesho tunaanza kuchapa," watoto walifika nyumbani wakasema, "Mwalimu mpya ataanza kutuchapa kesho." Asubuhi wazazi wakajaa langoni wakitaka kujua watoto wamekosa nini. Ikabidi awaingize darasani awaonyeshe kibodi. Wakacheka, wakaenda zao.

Kompyuta zilikuwa chache na watoto wengi. Mwalimu akamwambia kila mtoto akate kipande cha katoni, achore juu yake kibodi nzima, herufi kwa herufi, afanyie mazoezi nyumbani.

"Kila kidole kina nyumba yake," aliwaambia. "Kikitoka kwenda kubonyeza herufi, kirudi nyumbani. Macho yakae kwenye habari mnayonakili. Mikono haitazamwi."

Ikawa ta-ta-ta kutwa. Ta-ta-ta juu ya madawati, ta-ta-ta juu ya meza ya chakula, ta-ta-ta kanisani mahubiri yakiendelea, watoto wakichapa magoti yao wenyewe. Vidole vya darasa la tano vilisahau kutulia.

Sasa kulikuwa na watoto watatu.

Wa kwanza ni Malemba. Mama yake alikuwa na kibanda cha kuwachapia watu barua na kutoa nakala, na Malemba alikua akichapa pale tangu akikaa kitini miguu yake haijafika sakafuni. Alichapa kwa vidole viwili tu, macho chini, mabega juu, lakini alikwenda kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwalimu alimwambia, "Malemba, vidole vyote." Malemba akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," na Mwalimu akigeuza mgongo, vidole viwili vinarudi kazini.

Wa pili ni Wakesho. Wakesho hakuwa na kompyuta nyumbani, hata umeme hakuwa nao. Alikuwa na katoni yake. Aliichapa hadi herufi zikafutika, akachora upya, zikafutika tena. Alikwenda polepole, lakini kila kidole kilijua nyumba yake.

Wa tatu ni Mkawasi. Huyu alikuja muhula ukiwa umeshaanza, akitokea kwa wazazi wake kule chini nyikani, aje akae na nyanya yake aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Siku ya kwanza alibonyeza herufi moja akaacha kidole juu yake, ikajaza skrini nzima, akaruka nyuma akidhani ameharibu mashine. Watoto walicheka mpaka akatoka nje. Lakini kesho yake alirudi. Na kila siku aliyorudi alikuwa anajua kitu ambacho jana hakukijua.

Mwisho wa muhula ukakaribia. Akaja Bwana Mwanjala, aliyesoma shule hiyo zamani na sasa yuko kazini Mombasa. Alikuja na kompyuta ya kubeba, mpya, ndani ya mkoba wake.

"Hii," akasema, "ni ya mtoto wa darasa la tano anayejua kuchapa kuliko wote. Ataondoka nayo leo."

Watoto wakapiga kelele. Wazazi waliosikia wakaja wakasimama madirishani. Na Mwalimu Mghoi, kwa furaha, hakumwuliza Bwana Mwanjala kitu kimoja: kujua kuchapa ni kufanya nini?

Akaandaa mtihani kwa kanuni zilezile alizokuwa amewafundisha. Kila mtoto alipewa habari ileile anakili, na mikono yake ikafunikwa leso ili asiione. Waliingia kwa makundi, na kundi la mwisho lilikuwa na watoto wetu hawa watatu. Nje upepo ulikuwa umeanza kuvuta mawingu mlimani. Bwana Mwanjala alikuwa mlangoni akichezesha funguo za gari, akitazama mawingu, akitazama watoto, akitazama mawingu tena.

"Hakuna kuongea," Mwalimu akasema. "Anzeni."

Ta-ta-ta.

Malemba akapapasa chini ya leso. Akabonyeza, akakosea. Akabonyeza, akakosea. Jasho likamtoka. Ghafla akaivuta ile leso, akaitupa sakafuni.

"Malemba!" Mwalimu akasema.

 Vidole viwili vikaruka kama panzi. Alifuta makosa yake, akamaliza wa kwanza kabla wenzake hawajafika katikati, na habari yake haikuwa na kosa hata moja. Bwana Mwanjala akapiga makofi peke yake mlangoni.

Wakesho akaendelea, macho kwenye karatasi, mikono chini ya leso, kama alivyofundishwa. Yale makofi yalimshtua, mikono ikasogea kidogo tu kulia bila yeye kujua. Alidhani anaandika "shule yetu". Kwenye skrini ilikuwa inatoka "dji;r uryi". Naye hatazami skrini. Anakwenda tu, mstari baada ya mstari, kila kidole kikijiona kiko nyumbani, kumbe vyote vimo katika nyumba ya jirani.

Mkawasi alikuwa kiti cha pembeni yake. Akageuka kidogo, akaona. Akarudisha macho kwenye karatasi yake. Akageuka tena. Ta-ta-ta yake ikanyamaza. Alikuwa anakwenda vizuri siku ile kuliko siku zote, na wakati ulikuwa unamkimbia.

Akanong'ona, "Wakesho, vidole vimehama."

Wakesho akainua macho, akaona uchafu uliojaa skrini. Akafuta yote. Akarudisha vidole mahali pake, akaanza upya huku machozi yanamtoka, na akaweka nukta ya mwisho Mwalimu akisema, "Basi!" Habari yake nzima, haina kosa. Mkawasi alikuwa bado na mistari imebaki, na katika aliyoiandika mlikuwa na makosa ya hapa na pale.

Malemba akasimama. "Mwalimu, Mkawasi ameongea!"

"Mkawasi, umeongea?"

Mkawasi akainama.

"Ameongea na mimi," Wakesho akasema. "Bila yeye ningekuwa nimeandika upuuzi mtupu."

Bwana Mwanjala akaingia. "Mwalimu, sioni shida iko wapi. Huyu kijana amemaliza wa kwanza na hana kosa. Kuchapa ni nini zaidi ya hapo?"

"Ametoa leso," Mwalimu akasema.

"Mwajiri wangu hajawahi kunifunika mikono kwa leso!"

Mama Malemba akasema kutoka dirishani, "Na hiyo mashine tunaihitaji, Mwalimu. Yetu radi imeiunguza. Watu wanakuja na barua zao, tunawarudisha."

Malemba akasema, "Mimi sikuiba jibu la mtu. Sikusaidiwa. Nilipewa kazi, nikaifanya."

Wakesho akafuta uso kwa mkono wa sweta. "Mwalimu, ulisema tusitazame mikono, sikutazama. Ulisema vidole vyote, nikatumia vyote. Nimechapa katoni mpaka ikatoboka. Kama hayo hayahesabiki, ulitufundisha ya nini?"

 Mwalimu akamgeukia Mkawasi. "Na wewe?"

"Mimi sina la kusema, Mwalimu."

"Sema, mwanangu," nyanya yake, aliyekuwa amekuja pamoja na wazazi, akamhimiza akiwa ameshikilia fremu ya mlango.

Mkawasi akasema polepole, "Nyanya amepata nafuu. Shule ikifungwa narudi kwa wazazi. Shule ya kule haina kompyuta. Nilikuja vidole vyangu havijui kitu. Sasa vinajua, na vitasahau."  Kisha akasema, "Lakini mimi sikumaliza."

Mwalimu Mghoi akamwomba Bwana Mwanjala kompyuta iwe ya shule, watoto wote waitumie.

"Za shule zipo," akajibu. "Niliahidi mtoto mmoja, mbele ya watu wote hawa. Nikivunja ahadi leo, mwakani nani ataniamini?"

Matone ya kwanza yakagonga mabati. Bwana Mwanjala akaruka. "Mwalimu, barabara hii ikilowa sishuki. Taja jina."

Akamwekea kompyuta mikononi.

Mwalimu akaishika. Akimpa Malemba, kesho darasa zima litatupa katoni na kuchapa kwa vidole viwili, na wote watakuwa wameona kwamba sheria hutupwa sakafuni. Lakini ni kweli, hakuna aliyemfikia. Akimpa Wakesho, atakuwa amempa aliyetii kila neno, na ambaye kazi yake iliokolewa na mwenzake. Akimpa Mkawasi, atakuwa amempa asiyemaliza, aliyeongea ndani ya mtihani, na aliyetoka mbali kuliko wote.

 Baba yake Wakesho, naye pale dirishani, alikuwa amevua kofia. Nyanya alikuwa anakohoa. Watoto watatu wamesimama mbele, na hakuna hata mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vimetulia.

Mwalimu Mghoi akafungua kinywa.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnanitazama: jina hilo lingekuwa ni lenu kulitaja, lingetoka la nani?