Mkaguzi Asiyejua Kuunganisha

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa sare na kuchelewa shule, Pimbi alikuwa mwalimu wa chekechea. Darasa lake lilikuwa chumba cha mawe chenye mlango mmoja na dirisha dogo. Wanafunzi walikuwa saba, na mnene kuliko wote alikuwa Kidigi, mtoto wa Digidigi. Miguu yake ilikuwa myepesi. Kusoma ndiko kulikomwelemea.

Somo lao hata ninyi mngelipenda, nawajua. Mwalimu anaandika neno ubaoni. Watoto wanatamka sauti moja moja, wanaziunganisha kimya kichwani, kisha kila mmoja anafanya neno linavyosema. Kumwambia mwenzako ni marufuku.

Siku moja mlango ukafunguka, kwaa! Akaingia Fisi amevaa koti refu, mkia unaning'inia nyuma, mate yanadondoka sakafuni, ta, ta, ta.

"Shikamoo mgeni," wakasema watoto.

"Marahaba. Mimi ni mkaguzi wa shule," akasema, akaketi palepale mlangoni. "Nitawasikiliza mkisoma, kisha nitaondoka na mmoja, tukale naye chakula cha mchana kwangu."

Macho yake yalikuwa kwa Kidigi tu.

Pimbi alimtambua. Akipiga kelele, mtoto ataliwa mbele yake. Wakikimbia, mlango umezibwa. Basi akachukua chaki.

"Karibu, bwana mkaguzi. Hapa kwetu neno halisemwi, linatendwa. Wewe msomi, halitakusumbua."

"Mimi? Nasoma tangu nikiwa tumboni mwa mama," akasema Fisi, ambaye hakujua hata herufi moja.

Pimbi akaandika. Watoto wakatamka, "Rrr... u... k... a." Wakaziunganisha kichwani, kisha wote wakaruka, puu! puu! Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia, naye akaruka. Koti likamfunika kichwa.

"Umechelewa kidogo, bwana mkaguzi."

"Nilikuwa nahakikisha."

Likaandikwa la pili. "Lll... a... lll... a." Watoto wakajilaza chali, na Fisi akajilaza miguu juu, watoto wakibana vicheko kwa viganja.

Kisha Pimbi akaandika la tatu. "T... o... k... a."

Mtoto wa Kicheche akainuka wa kwanza, akapanda dawati, akapenya dirishani, chwi! Wa pili akafuata, chwi! Wa tatu, chwi!

Fisi akafumbua jicho moja. "Hawa wanakwenda wapi?"

"Neno si umelisoma, bwana mkaguzi? Au nikueleze?"

"Unieleze mimi? Nimelisoma zamani. Waendelee tu."

Tena yule mnene aliyemtaka alikuwa bado yumo ndani.

Wakatoka sita. Kidigi akabaki peke yake, midomo ikimcheza. "T... o... k... a. T... o..." Fisi akainuka, akasogea hatua moja, akasogea nyingine. Pimbi alitaka kulia, lakini akajikaza akasema taratibu, kama anavyosema kila siku:

"Ziunganishe, mwanangu. Usiziache kila moja na njia yake."

"T na o, to. K na a, ka. To... ka." Macho yakamtoka. "Toka! Mwalimu, ni toka!"

Sasa hata Fisi akaelewa. Akaruka, meno yakauma hewa, kwa! Kidigi alikuwa amekwisha kupenya dirishani, na Pimbi nyuma yake. Fisi naye akajitupa dirishani. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likagoma.

Akajivuta mbele. Wapi! Akajivuta nyuma. Wapi! Nje, watoto walicheka mpaka wakagaagaa.

Pimbi akaandika kwa chaki juu ya jiwe, mbele ya pua ya Fisi. Watoto wakatamka, "P... o... lll... e." Wakaziunganisha, kisha wakaangua kicheko kupita cha kwanza.

"Mmeniandikia nini?" Fisi akauliza, na siku ile hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza juu ya neno lililoandikwa.

"Soma, bwana mkaguzi," akasema Kidigi. "Ukiziunganisha ni rahisi."

Nami naishia hapa, wanangu: usilolijua liulize mapema, kabla tumbo halijakwama dirishani.