Santuri Moja ya Bi Tatu

Hapo zamani, enzi za santuri, paliishi Ngamiani, Tanga, mwimbaji wa taarabu aliyeitwa Bi Tatu Mwinjuma. Ugonjwa wa koo ulimnyang'anya sauti, akabaki akinong'ona. Wimbo wake ulibaki kwenye santuri moja tu, na mashine ya kuipigia ilikuwa imeungua mota. Wajukuu zake hawakuwahi kumsikia akiimba. Siku mkwewe aliposema, "Kwani huyu bibi aliimba lini?" Bi Tatu aliita majirani, akanong'ona mbele yao:

"Atakayeiwezesha mashine hii kuimba, santuri ni yake."

Akaja Chande, fundi redio. Akaifungua mashine, akachungulia.

"Bibi, mota ya namna hii haipatikani tena, na nyingine haienei humu. Nitaiweka nje."

"Nje wapi, mwanangu?"

"Kando, ndani ya kopo lenye zege. Mkanda utazunguka ukingo wa sahani inayobeba santuri. Mota ikitetemeka, itetemeke huko huko. Sindano haitaisikia."

Akatengeneza kopo, akatafuta mota ndogo yenye mwendo usioyumba. Alizunguka mji mzima asiipate.

Akaja Mwajabu, mshona nguo wa nyumba ya pili, na redio ya kaseti aliyoachiwa na marehemu mumewe. Humo ndimo alimosikilizia kanda ambayo mumewe alimrekodia salamu.

"Toa mota yake," alisema.

Chande akasita. Mwajabu akachukua bisibisi, akafungua mwenyewe.

Mota ikafungwa, mkanda ukavutwa, sahani ikazunguka. Lakini sauti ilitoka nyembamba na ya haraka, kama ya mtoto anayekimbia. Wajukuu wakacheka. Bi Tatu akageuza uso ukutani.

Akaitwa Mzee Alfani, mkereza vyuma. Akachonga puli ya shaba, kigurudumu cha kupitishia mkanda, ndogo kuliko ile iliyokuja na mota, akaivika mota. Chande akabandika karatasi kwenye sahani, wakahesabu kwa saa ya mkono: mizunguko hamsini na miwili kwa dakika. Ilitakiwa arobaini na mitano. Alfani akachonga nyingine, akahesabu, akachonga tena. Ya nane ikatoa arobaini na mitano kamili.

Sindano ikashuka. Sauti ya Bi Tatu ikapanda, pana, yenye maringo, ikajaza nyumba mpaka barazani. Wajukuu wakasogea karibu. Mkwe akavua kofia. Bi Tatu alikaa wima kitini, kidevu juu, na midomo yake ikafuata kila neno.

Wimbo ulipokwisha, akaichukua santuri mkononi.

Chande akasema, "Bibi, bila wazo langu la kuitoa mota nje, wenzangu wangekuwa bado wanaihangaikia ndani."

Mzee Alfani akasema, "Ilizunguka kabla sijaja, ndiyo. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yako, Bi Tatu. Mimi ndiye niliyekurudishia sauti yako."

Bi Tatu akamgeukia Mwajabu.

"Mimi kuchonga sijui, dada," alisema Mwajabu. "Ila sasa nikitaka kumsikia mume wangu, nabisha hodi kwa watu."

Bi Tatu akawatazama wote watatu, akajivunia kuwa na majirani wa namna ile. Santuri ni moja, na ahadi aliitoa mbele ya watu.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza: je, nani alistahili kupewa santuri ile?