Chui na Sidii Isiyofunguliwa

Mpo?

— Tupo!

Masikio?

— Yamesimama!

Miguu?

— Tayari kukimbia!

Ikunjeni kwanza, hatujafika huko. Wewe pale nyuma, acha kutafuna, utanisikiaje?

Hapo kale, lakini si kale sana, maana deki zilikuwapo na sola zilikuwapo, paliishi Chui mmoja mwenye shingo nene na roho ya kutaka kila kitu. Aliishi pangoni juu ya mwamba. Chini ya mwamba palikuwa na bonde lenye majani mabichi na chemchemi ya maji baridi. Chui huyu alikuwa mgonjwa. Si wa tumbo, si wa meno. Alikuwa na ugonjwa wa kukusanya sidii za muziki wa sinema.

Si sinema zenyewe, jamani. Picha hakuzitaka. Alitaka ule muziki unaopigwa nyuma ya picha: zile fidla zinazolia nyiii-nyiii-nyiii mtu anapofungua mlango asiotakiwa kuufungua, na ile ngoma inayopiga ndu... ndu... ndu... wakati kuna kitu kinakuja na wewe hujakiona. Sidii hizo alizipanga ukutani, migongo imetazama nje, kava hazina hata alama ya kidole. Akiwa na toleo fupi, anataka na lile refu. Akipata refu, anataka lile lililosafishwa sauti. Akilipata hilo, anasikia liko jingine lenye vipande viwili zaidi, na siku hiyo chakula hakipandi.

Alizipataje? Msiniulize. Chui hadai risiti. Nyani alimpelekea moja, akaachiwa mkia wake. Nungunungu alisema hana, na tangu siku hiyo hatujamwona Nungunungu.

Kutwa nzima muziki ulishuka kutoka pangoni hadi bondeni, na wanyama wakajifunza kuishi nao. Muziki ukilia, Chui yumo pangoni, kafumba macho, anasikiliza. Muziki ukinyamaza, Chui yuko njiani. Hayo hata kitoto cha juzi kiliyajua. Niitikieni basi:

Muziki unalia?

— Tule!

Muziki umenyamaza?

— Tukimbie!

Waliishi hivyo, na sitawadanganya, waliishi kwa hofu. Kinywa kiko kwenye majani, sikio liko juu ya mwamba. Fidla zilipolia kwa kutisha, wao ndipo walipumua. Walichokiogopa ni kimya.

Sasa siku moja Chui alikuwa akiipangusa deki yake ya sola, akaona kitufe ambacho hakuwahi kukigusa. Kitufe cha kurudia. Akakibonyeza. Sidii ikafika mwisho, na badala ya kunyamaza ikaanza upya, yenyewe, nyiii-nyiii-nyiii. Chui akaitazama deki. Akalitazama bonde. Akacheka kidogo, kicheko cha puani.

Kesho yake, muziki unalia?

— Tule!

Wakala. Digidigi alikuwa chemchemini na mkewe na mtoto wao. Fidla zinalia, nyiii-nyiii. Ngoma inapiga, ndu... ndu... Mke wa Digidigi akainamisha kichwa anywe maji. Wap! Hakukiinua tena.

Na muziki unalia! Hebu fikirini. Digidigi alisimama na mtoto wake, maji yamegeuka rangi, na hajui akimbie au ale, maana kitu pekee alichokiamini duniani kilikuwa kimemdanganya. Wanyama walijificha vichakani, wakakaa na njaa. Usingizi uliwahama. Jani likidondoka, wanaruka. Mmoja akipiga chafya, wote wanalia.

Kati yao alikuwapo Pimbi. Mnamjua Pimbi: mfupi, mnene, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Alikaa kwenye ufa wa mwamba uleule wa Chui, upande wa chini. Chakula chake kilikuwa majani makavu ya pembeni, kwa sababu kila akienda chemchemini wakubwa walimpiga kikumbo. "Pisha, mfupi!" Anapisha.

Lakini kwa ujirani huo Pimbi alimjua Chui. Alijua kwamba sidii ikipata mkwaruzo na kuanza kukwama, tk-tk-tk, Chui huruka kutoka alipolala na kupiga yowe: "Aaah! Mwanangu!" Huitoa, huipulizia, huipangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala hazungushi. Hawezi kuvumilia. Angeweza kuvumilia mwiba kwenye jicho, lakini si tk-tk-tk.

Na siku ile mke wa Digidigi alipochukuliwa, Pimbi alikuwa amesikia hivi: nyiii-nyiii, ndu... ndu..., tk-tk-tk-tk-tk. Na hakuna aliyepiga yowe.

Akawaendea wenzake vichakani. "Sikilizeni, ndugu zangu. Muziki ukikwama na hakuna anayelia Aaah, Chui hayumo. Kaiacha deki inaimba peke yake."

Nyumbu akamtazama kutoka juu. "Tumezaliwa na mambo mawili, kula na kukimbia. Wewe unatuletea la tatu? Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nasikia tu."

"Basi kasikie huko kwako."

Njaa ikawazidi. Asubuhi moja wakachungulia. Muziki unalia?

— Tule!

Mmeona? Hata nyinyi. Wakashuka wote, Nyumbu mbele, na Digidigi na mtoto wake nyuma.

Pimbi alikuwa mlangoni kwake. Akasikia, tk-tk-tk-tk. Akangoja yowe. Hakuna. Akatazama chini, na pale karibu na mtoto wa Digidigi akaona majani yanasogea, na upepo hakuna. "Kimbieni!" akapiga kelele. Ngoma ikammeza, ndu! ndu! ndu! "Kimbieniii!" Nani amsikie? Kitu pekee walichokitii wanyama wale ni kimya, na kimya kilikuwa juu, ndani ya pango la Chui.

Pimbi aliogopa. Nalisema wazi, asije mtu akawaambia alikuwa shujaa. Aliogopa mpaka meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Alipanda mwamba akilia machozi, akaingia pangoni palipojaa harufu ya mifupa, akaiona deki, na akabonyeza.

Tk.

Kimya.

Puru-puru-puru-puru! Bonde likawa tupu. Chui, aliyekuwa tayari kuruka, akabaki kinywa wazi na vumbi la mbio zao puani. Kisha akageuza shingo polepole, akatazama juu.

"Nani," akasema, "ameigusa deki yangu?"

Pimbi akasikia kucha kwenye mwamba. Kwa. Kwa. Kwa. Kulia ukuta, kushoto ukuta. Nyuma ya zile sidii palikuwa na ufa. Akakimbilia huko, na njiani akaona sidii moja imelazwa peke yake juu ya kitambaa laini, ingali na nailoni yake ya dukani. Hakuna anayelaza hivyo kitu asichokipenda. Akaing'ata pembeni, akaingia nayo ufani, mpaka ndani kabisa.

Mlango wa pango ukawa giza.

"Nani humo?"

"Ni mimi, mzee. Pimbi wa chini. Shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako! Toka nikutafune."

"Natoka, mzee. Na hii sidii nitoke nayo au niiache?"

"Sidii gani?"

"Hii yenye nailoni."

Chui akatazama kitambaa. Kitupu. Akakaa chini. Sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba. "Pimbi. Mwanangu. Umeishika wapi?"

"Pembeni, mzee."

"Vizuri. Vizuri sana. Usiibane."

"Siibani. Kwani ina muziki gani humu?"

"Sijui."

"Hujaisikiliza?"

"Nitaisikilizaje bila kuifungua?" Chui akakaribia kulia. "Ikifunguliwa si ile tena! Zote zimekwisha kufunguliwa, imebaki hiyo. Nungunungu alisema hana, kumbe kailalia."

Hapo Pimbi akaelewa. Nungunungu alikufa kwa ajili ya muziki ambao hata aliyemuua hajawahi kuusikia.

Chui hakungoja. Akaingiza mkono ufani, mpaka kwenye bega, kucha zimekunjwa zisikwaruze. Pimbi akajibana ukutani. Kucha moja ikapita mbele ya jicho lake. Chui akaipapasa sidii, akaishika, akaanza kuivuta, na hapo Pimbi akaisukuma kwa kichwa ikalala kingamakingama. Kre! Kava likalia.

"Taratibu, mzee! Umesikia? Ukivuta, itapasuka."

"Sivuti! Sivuti! Naiachia, uinyooshe."

"Ukiiachia, naichana nailoni." Na Pimbi akaligusisha jino lake kwenye kona. Krrr.

"Usifungue!" Chui akapiga yowe mpaka vumbi likadondoka. "Nimeishika! Siiachii!"

"Basi tulia hivyohivyo. Usivute, usiachie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nifikirie, mzee."

Sasa Chui mwenye nyumba hakujua jambo moja kuhusu nyumba yake. Ufa ule ulishuka, ukapinda, ukatokea kwa Pimbi. Pimbi akarudi kinyumenyume, kwa tumbo, bila kukwangua hata kijiwe. Nyuma yake, yaani mbele yake, aliuona ule mkono mkubwa umeishika sidii kama mtu aliyeshika yai.

"Pimbi?" Chui akaita. "Umeshafikiria?"

Kimya.

Na siku hiyo Chui naye aliogopa kimya. Alijua Pimbi yumo, ametulia, jino liko kwenye nailoni. Akikohoa, itachanwa. Akilegeza kidole, itachanwa. Kwa hiyo hakukohoa na hakulegeza. Njaa ikaja, akavumilia. Kiu ikaja. Pimbi, kule chini kitandani kwake, aliisikia sauti ikishuka kwenye ufa, kila ikija ni ndogo zaidi: "Pimbi... umeshafikiria?" Alijiziba masikio. Kisha sauti haikuja tena.

Pimbi akapanda. Akamkuta Chui ameegemea ukuta, mkono ufani, amekauka. Sidii haikuwa na hata mkwaruzo.

Akatoka nje kuwaambia wenzake. Bonde halikuwa na mtu. Kimya kilikuwa kimewakimbiza wote mbali, na kwa kimya wasingerudi. Akawaonea huruma. Akaiwasha deki. Nyiii-nyiii-nyiii. Wakaja mmoja mmoja, mbavu zinahesabika. Digidigi alikuwa analia kwa furaha. "Amerudi pangoni! Mungu ashukuriwe, Chui amerudi! Tulikuwa tunakufa kwa kimya."

Pimbi akafungua kinywa amwambie. Wakati huohuo Nyumbu akapita kwenda chemchemini, akampiga kikumbo. "Pisha, mfupi!"

Pimbi akapisha. Akafunga kinywa.

Kesho yake alipoyatamani majani ya chemchemini, alipanda juu, tk, akazima. Puru-puru-puru! Bonde lote likawa lake. Akala mabichi, akanywa maji baridi, akalala chali tumbo juu. Aliposhiba akawasha, wakarudi. Akaona ni jambo jema, halimuumizi mtu. Akazoea. Siku moja katika zile mbio mtoto wa Digidigi aliteguka mguu, na Pimbi akamwona babake anamburuta kichakani huku anageuka nyuma, macho yamemtoka. Pimbi alisikitika. Alisikitika kweli. Aliendelea kutafuna.

Basi, siku ya mwisho niliyoisikia mimi, muziki ulikuwa unalia na wote wako bondeni wanakula, Pimbi naye katikati yao anapiga soga. Nyiii-nyiii. Ndu... ndu... Mara muziki ukanyamaza.

Wote wakakimbia. Na Pimbi akakimbia. Alikimbia kuliko wote, akaingia ufani mwake, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka. Akajiambia, Chui amekufa. Nimemwona mwenyewe, amekufa. Basi nani amezima? Akasikiliza ule ufa unaopanda juu, gizani, na akaona kama kuna kitu kinavuta pumzi huko, kinataka kumuuliza kama ameshafikiria.

Lilikuwa wingu tu, limefunika sola. Lilipopita, deki ikaamka, wanyama wakarudi kula. Pimbi hakurudi. Hata leo ukipita pale utamwona kwenye mlango wa ufa wake, amekonda, ametega sikio juu.

Hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha kutunza vitu vyetu. Shikeni sidii pembeni, msizifungue hovyo, na mkipangusa, panguseni kutoka katikati kwenda nje. Mwigeni Chui. Amekufa, ndiyo, lakini sidii yake mpaka leo ni mpya.

Hadithi yangu nimeirudisha kwenye kava lake. Mpo bado?

— Tupo.

Masikio?

— Yamesimama.

Miguu?

...

Miguu?

Mbona mmenyamaza?